Mlonge, Mchicha na Miguu Yangu

Malaria ina slaidi. Mtoto anatobolewa kidole, tone la damu linapakwa kwenye kioo, linakaushwa na kutiwa rangi, kisha mtu mwenye jicho zuri anahesabu vimelea bila kumwuliza mtoto wala mama yake wanajisikiaje. Maumivu ya mishipa ya fahamu hayana slaidi. Miguu yangu inapowaka usiku, hakuna kioo cha kuuonyesha moto huo. Shahidi ni mimi peke yangu, na mimi ndiye ninayetamani kupona, tena ndiye niliyetoa hela kununua dawa. Shahidi wa namna hiyo mahakama yoyote ingemtilia shaka.

Nimezeekea Ifakara, mji ambao watu wake wamezoea kupimwa. Rudolf Geigy, Mswisi wa Basel, alifika kwenye bonde hili la Kilombero mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 maabara yake ndogo ikasimama. Ndiyo mbegu ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mtu aliyekulia Mlabani, Lipangalala au Viwanja Sitini hashangai kijana akishuka kwenye baiskeli na daftari lake na kumwuliza jana usiku mlilala wangapi ndani ya chandarua. Ujanani nilikuwa mmoja wa vijana hao. Tulipita nyumba kwa nyumba, na msimu wa kulinda mpunga ukifika tulizifuata familia kwenye madungu huko mashambani, maana kijijini walibaki kuku na wazee.

Kazi iliyozungumzwa kuliko zote miaka ile ilikuwa ya Idete, kijiji chenye gereza na mashamba yake ya mpunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijaribiwa huko chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakachomwa chanjo yenyewe, wengine sindano isiyo na chanjo hiyo, na wazazi hawakuambiwa nani kapata ipi. Kina mama walilielewa jambo hilo upesi kuliko wasomi walivyotarajia. Ukikaa nao barazani ulisikia, "Sijui wangu kapata ile yenyewe au ile nyingine." Walinung'unika, ndiyo, lakini walijua kwa nini ile nyingine ipo. Malaria hupanda na kushuka na mvua. Bila watoto wa kulinganisha nao, mwaka wa ukame ungeweza kujitwalia sifa za chanjo, au chanjo ikajitwalia sifa za ukame.

Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1994. Chanjo ilikuwa imepunguza ugonjwa kwa 31%, ingawa hesabu zenyewe zilionyesha kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya sifuri na nusu. Bonde lilijivuna. Kisha Gambia wakaijaribu wasione kinga ya maana. Thailand vivyo hivyo. Na ilipojaribiwa tena hapa kwetu, safari hii kwa watoto wachanga, kinga ikaonekana 2%, yaani hakuna. SPf66 ikaishia hapo. Wapo wanaoisimulia kama hadithi ya kushindwa. Mimi naiweka kati ya kazi bora zilizowahi kufanywa bondeni, kwa sababu iliwaepushia watoto wengi sindano isiyo na faida, na iliwafundisha watu wa kawaida swali moja ambalo wauza dawa hawalipendi: je, nisingeitumia ingekuwaje?

Swali hilo lilinirudia miaka mingi baadaye, sukari iliponishika miguuni.

Kwanza vidole vilikufa ganzi, nikadhani ni viatu. Kisha vikaanza kuwaka. Mchana nilijisahau na shughuli. Usiku shuka likigusa unyayo nilihisi pilipili iliyosagwa, na mara nyingine siafu wakipanda kifundoni wasionekane. Mke wangu alizoea kunikuta saa nane za usiku nimekaa kwenye kigoda, nyayo nimezibandika kwenye sakafu ya saruji kutafuta ubaridi. La ajabu ni kwamba miguu hiyo hiyo haikuhisi mwiba. Kliniki, daktari alinifumbisha macho akanigusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki akiniuliza nimeguswa wapi, na sehemu nyingi sikujua hata kama nimeguswa. Kipimo hicho hicho hutumika kwa wagonjwa wa ukoma, na sisi wa Ifakara tuna Nazareti, kituo ambacho kwa miaka mingi kimewahudumia watu waliopoteza vidole, na mara nyingi si kwa sababu ukoma unakula nyama bali kwa sababu mguu usiohisi hauelezi kwamba umeungua. "Mzee," daktari aliniambia, "moto unaousikia ni kelele tu. Unachotakiwa kukiogopa ni pale usiposikia kitu." Akaniagiza nikague nyayo kila jioni kwa kioo, nisitembee peku, nisiweke miguu kwenye maji ya moto bila mtu mwingine kuyajaribu kwanza.

Bonde hili lina njia nyingi za kuunguza mishipa ya fahamu. Kuna ukoma, kuna sukari, kuna mkanda wa jeshi unaoacha mbavu zikiwaka miezi baada ya malengelenge kukauka. Kuna isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ambayo humnyima mtu vitamini B6, na ndiyo maana hutolewa pamoja nayo. Kuna stavudini: dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa kwa wingi nchini kuanzia 2004, kidonge kilichowafikia wengi kilikuwa na stavudini ndani yake. Kiliokoa maisha, hilo halina ubishi, lakini kwa baadhi ya watu kiliwasha miguu, mpaka Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Kuna hata metformini, kidonge changu mwenyewe cha sukari, ambacho kikitumika miaka mingi kinaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huharibu mishipa. Kwa hiyo mtu akiniuzia kitu "cha mishipa", swali langu la kwanza ni mishipa iliyoharibiwa na nini.

Hata vitamini zenyewe si za kumeza ovyo. Madukani watu huomba "sindano ya mishipa" au vidonge vyekundu vyenye B1, B6 na B12, na wengi huvinywa mwaka mzima wakiamini vitamini haina madhara. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu 7 waliopoteza hisia za mikono na miguu, na kilichowaharibu ni B6 waliyokuwa wakiimeza kwa wingi. Dawa ya ganzi ikaleta ganzi.

Hospitali nilipewa amitriptilini, dawa ya kale ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutuliza mishipa. Panado haigusi maumivu haya, na diklofenaki tunayoipenda sana mitaani haiyagusi ila huigusa figo, jambo ambalo mwenye sukari hawezi kulimudu. Daktari hakunidanganya: kwa hesabu za tafiti kubwa, katika kila watu wanne hivi wanaopewa dawa ya kundi la amitriptilini, mmoja ndiye hupata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kitupu. Nami nilipata nafuu kiasi, pamoja na mdomo mkavu na kichwa kizito asubuhi. Katika pengo hilo, kati ya nafuu kiasi na nafuu kamili, ndipo biashara ya unga inapostawi.

Dada yangu ndiye aliyeniletea mlonge. Alinunua kopo kwa mama mmoja anayeuza maeneo ya Kibaoni, unga wa majani uliokaushwa kivulini na kusagwa laini, na karatasi ya kopo ilitaja sukari, presha, mishipa, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Mlonge tunaufahamu, unaota kwenye ua wa nyumba, na majani yake ni mboga. (Mizizi na maganda ya mizizi ni habari nyingine, ina sumu, si ya kuchezea.) Dada alinitajia majirani waliopona. Nilimjua mmoja wao, na ni kweli alikuwa analala vizuri.

"Dada, yeye alianza kuutumia lini?"

"Alipozidiwa. Alikuwa halali kabisa."

Hapo ndipo penye mtego. Maumivu ya mishipa hayakai mahali pamoja. Yana majuma mabaya na majuma ya nafuu bila kumwuliza mtu. Na hakuna anayekwenda kununua unga katika juma la nafuu. Mto Kilombero hufurika masika. Anayetambika siku maji yamefika mlangoni, baada ya muda atayaona yamerudi mtoni, na mganga wake atakuwa hodari milele. Jirani yule hakusema uongo, wala dada hakusema uongo, wala yule mama wa Kibaoni.

Nchi hii imewahi kuliona jambo hilo kwa ukubwa usiosahaulika. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aligawa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita, watu wakalala porini, wengine wakafia njiani. Kutoka bonde letu pia walikwenda, safari ya kuvuka nusu ya nchi. Waliorudi walisema wamepona sukari. Nakumbuka nilivyowaza wakati ule kwamba katika umati wote huo hapakuwa na mama wa Idete wa kuuliza kuhusu kikombe kile kingine.

Sikutaka kumvunjia dada heshima kwa kuliweka kopo darini, wala sikutaka kumeza na kuanza kutoa ushuhuda. Binti yangu anafanya kazi ya dawa Morogoro mjini. Alipokuja likizo nilimweleza ninachokitaka, akacheka, kisha akanyamaza, kisha akachukua karatasi.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Angeagiza kapsuli tupu, zile za ganda la jelatini. Nusu angezijaza unga wa mlonge wa kopo lile lile la dada. Nusu angezijaza mchicha uliokaushwa na kusagwa, ambao kwa rangi huwezi kuutofautisha. Ganda lingeficha ladha na harufu. Angezitia katika bahasha zenye namba, kila bahasha ya nusu mwezi, na kila mara angerusha shilingi kuamua iwe ya mlonge au ya mchicha. Ufunguo wa namba ungekaa kwake Morogoro. Kati ya bahasha na bahasha ningepumzika siku chache bila kumeza chochote cha kijani. Dawa za hospitali zingeendelea kama zilivyo, bila kupunguza wala kuongeza, na daktari angeambiwa. Sharti hilo la mwisho lilikuwa la binti, akalisema kwa sauti ya mama yake.

Kulikuwa na tatizo la dozi, nalo aliliona yeye. Dada alikuwa ameagizwa kijiko cha chai asubuhi na jioni, na kapsuli moja inabeba kama nusu gramu tu. Akapima kijiko kwenye mizani ya dukani, akapata ni lazima nimeze kapsuli kadhaa kwa mkupuo ili kukifikia. Nikameza. Mke wangu alisema nimekuwa kama kuku anayedonoa mahindi.

Daktari, nilipomweleza, hakukunja uso kama nilivyotarajia. Aliuliza kama kopo lina nembo yoyote, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: baadhi ya dawa zinazouzwa duniani kwa jina la mitishamba zimekutwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu kirutubisho kimoja cha maumivu ya viungo, Artri King, kilichokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikutajwa kwenye kopo. Deksamethasoni hukufanya ujisikie kijana kwa muda, lakini kwa mwenye sukari huipandisha kama moshi. "Unga ukikupa nafuu siku ile ile," alisema, "usishangilie. Pima sukari." Nikaongeza kipimo cha sukari kwenye daftari.

Nchi ina utaratibu wake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilianzisha Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sampuli. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Lakini cheti cha maabara kinachosema unga hauna sumu hakisemi kwamba unatibu. Wauzaji huvichanganya hivi viwili kwa makusudi, na wanunuzi huvichanganya kwa matumaini.

Kazi ya kila asubuhi ilikuwa kuandika namba, kutoka sifuri hadi kumi, kwa ajili ya usiku uliopita. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Miezi ile ya ujanani nilikuwa nimewauliza mamia ya watu maswali ya aina hii bila kujali. Sasa nilikuwa upande wa pili wa daftari, najiuliza usiku wa jana ulikuwa sita au saba, na kama saba ya leo ni ile ile saba ya mwezi uliopita. Nikajiwekea alama. Tano ni usiku niliolala lakini nikaamka mara moja. Saba ni usiku wa kigoda na saruji. Tisa ni usiku niliomwamsha mke wangu. Niliandika pia nilichofanya mchana wake: shamba, msiba, safari, viatu gani.

Kila bahasha ilipokwisha niliandika pia ninavyodhani: hii mlonge, hii mchicha. Nilijiona mjanja. Kuna bahasha moja niliapa kwa dada kwamba ndiyo mlonge, kwa jinsi nilivyolala; nilicheua na nikasikia kabisa ladha yake kooni.

Kiangazi kilipoisha binti alikuja na ufunguo wake. Tuliketi mezani watatu, mimi, yeye na shangazi yake, ambaye alidai awepo kwa kuwa kopo ni lake. Akachora mistari miwili kwenye karatasi ya miraba, mmoja wa usiku wa mlonge, mmoja wa mchicha. Mistari ilipandana na kusukana kama ukili. Tofauti ya wastani haikufika nukta ya kuzungumziwa. Bahasha niliyoiapia ilikuwa ya mchicha. Makisio yangu kwa ujumla yalikuwa sawa na ya mtu anayerusha shilingi.

Lakini karatasi ilionyesha kitu kingine, na mpaka leo hicho ndicho kinachonivutia. Mistari yote miwili ilikuwa inashuka. Polepole, kwa mikunjo, ila inashuka. Nilikuwa nimeanza na saba nyingi, nikamaliza na tano nyingi. Kama ningekunywa mlonge peke yake kwa kijiko, bila bahasha, ningekuwa shahidi mzuri kuliko jirani yetu, na ningesema kweli tupu niliyoiona kwa macho yangu.

Kwa nini ilishuka? Nilianza katika kipindi kibaya, kama wote. Amitriptilini ilipata muda wa kufanya kazi. Kwa kuwa nilipima sukari mara kwa mara, nilianza kuiogopa, na ugali wa usiku ukapungua bila amri ya mtu. Na daftari lilinionyesha kwamba usiku mbaya ulifuata siku za kusimama muda mrefu msibani na siku za mabuti ya mpira shambani, nikaanza kutafuta kiti na kuvua mabuti mapema. Ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi, jaribio langu halikuundwa kujibu. Liliundwa kujibu kuhusu kopo.

Dada hakukasirika. Alisema, "Kaka, wewe kila kitu unataka kukipima. Mbona ugali hupimi?" Nikamwambia ugali ndio kitu pekee ninachopimiwa kila siku, na mke wangu ndiye mwenye mizani.

Baadaye binti alinitafutia tafiti za wengine, nikagundua sikuwa peke yangu. Mwaka 2019 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walipitia majaribio yote yanayostahili kuhusu mitishamba kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, duniani kote. Waliyoyapata ni mawili tu, yenye watu 128 kwa jumla, na hawakuweza kutoa hukumu. Moja lilifanyika Trinidad kwa watu wenye sukari na miguu inayowaka, likajaribu mafuta ya kungumanga ya kupulizia, kungumanga hii hii ya Unguja inayotiwa kwenye maandazi. Wenzao walipewa dawa ya kupulizia isiyo na kungumanga. Makundi yote mawili yalipata nafuu, tena nafuu ya kuonekana, na hapakuwa na tofauti kati yao. Niliposoma hayo niliona karatasi yangu ya miraba imevuka bahari.

Watu wawili watatu walionisikia wakafurahi, wakasema basi mitishamba ni upuuzi. Sikubaliani nao. Hapa Ifakara, ambako dawa mseto ya malaria imewaponya watoto wetu tangu mwishoni mwa 2006, hatuwezi kusahau kwamba nusu yake imetokana na jani la Kichina, na kwamba Tu Youyou alipewa Nobeli mwaka 2015 kwa kulichunguza jani hilo bila kulibembeleza. Na kwa mishipa ya fahamu, mmea uliojibu maswali upo kwenye kila jiko la bonde hili: pilipili. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walikitambua kipokezi kwenye neva kinachopokea ukali wa pilipili, na kumbe ni hicho hicho kinachopokea joto la moto. Ndiyo maana ulimi unasema umeungua wakati haujaungua. Kazi hiyo ilimpa Nobeli ya 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Kiini cha ukali, kapsaisini, kikibandikwa kwenye ngozi kwa kiwango kikubwa huzichosha neva hizo zikanyamaza kwa wiki kadhaa. Bandiko lake la 8% liliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2009, Marekani kwanza kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, na baadaye kwa miguu ya wenye sukari. Linabandikwa na mtaalamu aliyevaa glavu. Nasema hivyo kwa kuwa mzee mwenzangu aliposikia habari hizi alitaka kuponda pilipili kichaa ajipake, na mguu usiohisi hautamwambia lini ngozi imebabuka.

Yule mama wa Kibaoni nilimfuata mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Alikuwa amepanga makopo yake juu ya meza, chini ya mwavuli. Akanisalimia, "Shikamoo baba," nikaitikia, nikamweleza habari za bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wasomi wengi hawakuwahi kunifanyia.

"Baba, hukuwa na imani," akasema.

"Imani nilikuwa nayo, mama. Nilikuwa nayo hata kwa mchicha."

Akacheka. Kisha akasema dozi labda ilikuwa ndogo, nikamweleza habari za mizani. Akasema labda mwili wangu si wa mlonge, na hapo sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli: nilijipima mimi, sikumpima jirani yetu, na inawezekana kabisa kwamba kuna mtu ambaye mistari yake ingeachana. Nikamwambia kama yupo, bahasha tunazo. Tukaelewana kwenye jambo moja, kwamba anayenunua kopo lake asiache vidonge vya hospitali, na akaniahidi atawaambia. Niliporudi siku nyingine nilimsikia akimwambia mteja hivyo hivyo, kwa maneno yake mwenyewe, na kopo likauzwa vile vile.

Siku hiyo alinivuta kando. Alikuwa na kitu kingine, cha mizizi, cha ukoo wao wa huko Malinyi, chenye nguvu kuliko majani ya kijani. Aliniruhusu nikijaribu kwa bahasha zangu kama nataka. Nikamwomba jina la mti, ili kwanza binti aulize Muhimbili kama unajulikana una sumu gani kwa figo. Akasema jina halitolewi kwa mtu wa nje, bibi yake hakulitoa hata kwa mkwe. Nikamwambia naheshimu, ila sitamwambia binti yangu ajaze kapsuli kitu kisicho na jina. Aliona nina haki, nami niliona ana haki, na hapakuwa na njia ya katikati. Tukahamia kwenye bei ya mchele, ambayo wiki ile ilikuwa imeshuka vibaya.